Goti la mshikaji: uchambuzi wa kisa cha mkwaju mmoja na filimbi iliyowahi

Mchezo ulikwisha usiku wa Ijumaa, na baba mmoja alikuwa akinisubiri kwenye uzio karibu na pale waamuzi tunapoegesha magari. Kipaza sauti cha uwanja kilikuwa kimetaja jina langu kabla ya mchezo, naye akalitambua kuwa ni la kwetu. Mwanawe ndiye mpigaji mikwaju wa timu ya wenyeji. Hakuja kugomba. Alisalimia kwanza, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema kwa Kiswahili cha kwao Kongo: "Ndugu yangu, ile goti ilikuwa chini tangu mwanzo. Mpira ikakuja, goti iko chini, hakuna mutu alipiga filimbi. Sasa mara ya pili, juu ya nini?"

Alikuwa anazungumzia goti la mshikaji, yule anayeudaka mpira na kuusimamisha chini ili mwanawe aupige. Sikumjibu vizuri. Nilikuwa nimechoka, na swali lake lilikuwa kali kuliko yote niliyoulizwa na makocha wawili usiku ule. Andiko hili ndilo jibu nililostahili kumpa. Nimeliandika pia kwa ajili ya wazazi wengine wa Kiswahili ambao watoto wao wametoka kwenye soka wakaingia futiboli ya Marekani, na kwa waamuzi wanaoanza. Majina, mji, jimbo na rangi za jezi nimeviondoa. Mwenzangu aliyepuliza filimbi amesimuliwa kila nilichoandika kumhusu, naye ameridhia.

Usuli

Ulikuwa mchezo wa kawaida wa msimu kati ya sekondari mbili, hakuna marudio ya video, waamuzi watano. Mimi ndiye niliyekuwa mwamuzi mkuu, mwenye kofia nyeupe. Wenzangu wanne huvaa nyeusi. Tulichezesha kwa kanuni za NFHS, shirikisho linalounganisha vyama vya michezo vya sekondari nchini Marekani. Inafaa kulitaja hilo mapema, kwa sababu tukio hilohilo lingetokea Texas, ambako sekondari huchezeshwa kwa kanuni za vyuo, tungefungua kitabu kingine. Lingetokea NFL, ligi kuu ya kulipwa, tungefungua cha tatu.

Timu ikipata tachidauni, yaani ikiufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa goli la wapinzani, hupewa alama sita, halafu hupewa jaribio moja la nyongeza kutoka yadi ya 3. Ikiupiga mpira ukapita katikati ya nguzo na juu ya mtambaa panya, inapata alama moja. Ikiuingiza kwa kukimbia au kwa pasi, mbili. Wengi huchagua mkwaju. Senta huurusha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake, kama yadi saba. Mshikaji, aliyepiga goti, huudaka, huusimamisha chini na kuushikilia kwa kidole, na mpigaji anakuja kwa hatua mbili au tatu anaupiga. Kutoka pale hadi kwenye nguzo ni yadi 20 hivi, kama mita 18. Kwa kijana aliyekulia kwenye soka umbali huo si kitu, na nguzo za sekondari ni pana: futi 23 na inchi 4, wakati vyuoni na NFL ni futi 18 na inchi 6. Ndiyo maana makocha wa sekondari huwatafuta watoto wa soka. Upigaji wa kutumia upande wa mguu, ambao leo ndio wa kila mtu, uliletwa kwenye ligi za kulipwa mwaka 1964 na Pete Gogolak, mzaliwa wa Hungaria, akiichezea Buffalo Bills.

Neno moja la tahadhari kwa wasomaji wa soka. Kwetu "mipira iliyokufa" ni kona na faulo, yaani nafasi ya kufunga. Huku mpira ukifa, pigo, yaani kipande kimoja cha mchezo tangu mpira urushwe, limekwisha. Lolote linalofuata, hata liwe zuri namna gani, halihesabiwi. Kisa kizima kinasimama juu ya hilo.

Kanuni inasema nini

Kwenye sekondari, mchezaji mwenye mpira akigusa ardhi kwa sehemu yoyote ya mwili isipokuwa kiganja au wayo, mpira umekufa. Si lazima aguswe na mpinzani. Kwenye NFL ni tofauti: mtu anaweza kuteleza, akaanguka peke yake, akainuka na kuendelea, mradi hajaguswa.

Kwa kanuni hiyo ya sekondari, mkwaju wa mpira uliotulizwa usingewezekana kabisa. Mshikaji ana goti chini. Angeudaka tu, mpira ungekufa mikononi mwake. Kwa hiyo kanuni ya 4, sehemu ya 2, imeweka msamaha. Kwa maneno yangu: ikiwa wakati wa kurushwa mpira mshikaji ana goti chini na mwenzake yuko tayari kupiga, mpira unabaki hai akiudaka na goti lake likiwa chini, akauweka ili upigwe, au akainuka ili akimbie, aukabidhi, aupige au atoe pasi. Vilevile unabaki hai kama mrusho umekuja vibaya, akainuka kuudaka au kuuokota, kisha *papo hapo* akarudisha goti na kuuweka, au akainuka tena.

Msamaha nao una mpaka. Mshikaji akiponyokwa na mrusho, au akaangusha mpira, kisha akauokota baada ya goti lake kuwa limeshaondoka ardhini, hana ruhusa tena ya kurudisha goti. Akilirudisha ana mpira mkononi, mpira umekufa.

Zisome aya hizo mbili polepole. Upande mmoja yupo mshikaji aliyeinuka akaudaka mrusho mbaya: huyo anaruhusiwa kupiga goti tena. Upande wa pili yupo mshikaji aliyeinuka, mpira ukamponyoka, akaupata: huyo haruhusiwi. Katikati yao yupo kijana ambaye mpira ulimgonga viganjani, ukaruka juu kidogo, akaukamata kabla haujafika chini. Ni wa upande gani? Kitabu hakimtaji kwa jina.

Kilichotokea

Kabla ya mchezo tulikaa kikao chetu cha kawaida. Tulizungumzia mikwaju kwa sentensi moja tu, niliisema mimi: "Goti la mshikaji ni langu." Tukapita. Hakuna aliyeuliza mrusho ukija juu itakuwaje.

Robo ya nne, zikiwa zimebaki dakika chache, wenyeji walipata tachidauni wakawa nyuma kwa alama moja. Kocha wao akachagua mkwaju ili wasawazishe. Waamuzi wawili walikwenda kusimama chini ya nguzo, mmoja nyuma ya safu ya ulinzi. Mimi nilisimama nyuma na pembeni, uso kwa uso na mshikaji. Mwamuzi wa mstari alibaki upande wa pili, kwa hiyo yeye alikuwa anauona mgongo wa mshikaji.

Mrusho ulikuja juu mno. Mshikaji aliinuka, magoti yote mawili yakaachana na nyasi, akanyoosha mikono. Mpira ulimgonga viganjani na kuruka kama shubiri moja juu ya vidole. Akaukamata kwa mikono miwili. Katika mwendo huohuo alishuka, goti likagusa chini, mpira ukafika kwenye kijikalio chake cha plastiki, ambacho sekondari inaruhusiwa. Mpigaji alikuwa amesita nusu hatua, hakusimama. Filimbi ikalia kutoka upande wa mstari. Mpira ukapigwa. Ukapita katikati.

Waamuzi wawili wa kwenye nguzo, ambao kwa kelele za uwanja hawakuisikia filimbi, waliinua mikono juu: alama moja, imeingia. Mwamuzi wa mstari naye alikuwa anapungia mikono juu ya kichwa kuashiria kuwa mpira umekufa. Kwa watu wa jukwaani, waamuzi watatu walikuwa wanasema mambo mawili kwa wakati mmoja. Nusu ya uwanja ilishangilia sare, nusu ilishangilia ushindi.

Uamuzi na sababu zake

Nilipuliza, nikasimamisha saa, nikawaita wenzangu katikati, nikawaomba makocha wote wawili wabaki kwenye mistari yao. Kocha wa wageni alikuwa anapiga kelele kwamba goti lilikuwa chini na jaribio limekwisha. Wa wenyeji alikuwa anaonyesha nguzo kwa kidole. Niliamini wakati ule, na bado naamini, kwamba wote wawili walikosea.

Nilianza na mwenye filimbi. Sikumuuliza kwa nini alipuliza. Nilimwuliza aliona nini. Akasema aliona mikono ikienda juu, mpira ukitokeza juu ya vichwa vya watu, kisha goti likishuka. Nikamwuliza kama aliuona mpira ukigusa ardhi. Hakuuona. Mwenzetu wa nyuma ya ulinzi alikuwa na hakika kwamba haukugusa. Mimi pia, nilikuwa mbele ya mshikaji, na mpira haukushuka chini ya kifua chake mpaka alipoukamata.

Swali la pili lilikuwa la wakati. Je, filimbi ililia kabla ya mguu kugusa mpira, au baada? Mimi na mwenye filimbi tulisema kabla. Mmoja wa waliokuwa kwenye nguzo alidhani ni baada. Hapa nilijiokoa muda. Filimbi ya makosa ikilia mchezaji akiwa na mpira, timu yake inachagua: ikubali pigo lilipoishia, au lirudiwe. Ikilia wakati mpira uko hewani baada ya kupigwa, pigo linarudiwa bila kuchagua. Timu iliyokosa alama haitachagua kubaki bila alama, kwa hiyo njia zote mbili zilikuwa zinaishia kwenye marudio. Hapakuwa na haja ya kubishania nusu sekunde.

Njia panda ya kweli ilikuwa moja tu: filimbi ile ilikuwa ya makosa, au ilikuwa sahihi? Kama mshikaji "aliponyokwa na kuupata tena", basi goti liliua mpira kihalali, jaribio limekwisha, wageni wanaongoza. Kama "aliudaka mrusho mbaya", mpira ulikuwa hai, na filimbi ndiyo iliyouua kimakosa.

Niliegemea maana za maneno zilizo kwenye kitabu chenyewe. Kitabu hutofautisha kudaka na kuokota. Kudaka ni kuumiliki mpira ukiwa bado hewani. Kuokota ni kuumiliki baada ya kugusa ardhi. Mpaka wa msamaha unamhusu aliyeponyokwa *akaokota*. Mpira wetu haukugusa ardhi. Kijana hakuokota kitu. Alidaka, kwa miguso miwili badala ya mmoja. Kwa usomaji huo alikuwa bado ndani ya msamaha, na goti lake lilirudi bila kuchelewa hata kidogo.

Nikatoa uamuzi: filimbi ya makosa, mkwaju uliopita hauhesabiwi, wenyeji wanachagua. Niliwaita makocha wote wawili pamoja nikawaeleza mara moja, kila mmoja akisikia ninachomwambia mwenzake. Wa wenyeji aliuliza mara mbili kama kweli alama ile haipo. Haipo. Mpira uliokufa hauingii golini.

Matokeo

Jaribio lilirudiwa kutoka yadi ya 3. Mrusho wa safari hii ulikuwa mzuri, mshikaji akauweka vizuri, na mkwaju ukapita nje ya nguzo ya kulia. Hakukuwa na alama nyingine tena. Wenyeji walifungwa kwa alama moja.

Yule kijana alisimama palepale alipopigia mpaka mchezaji mwenzake alipokwenda kumchukua. Sisi waamuzi hatutakiwi kumwendea mchezaji kumfariji, na nadhani ni sahihi. Lakini hakuna mtu katika uwanja ule aliyemweleza kwamba mkwaju wake wa kwanza ulikuwa mzuri na kosa halikuwa lake, na hilo limenikaa.

Wiki iliyofuata niliandika tukio zima na kulipeleka kwa mfafanuzi wa kanuni wa chama chetu cha jimbo. Alikubaliana na marudio na akakubaliana na sababu. Mwalimu mmoja wa waamuzi, mtu niliyejifunza kwake mengi, hakukubali. Kwake, mpira ukishamponyoka mshikaji viganjani ameshaponyokwa, ugusapo chini usiguse, na goti linauua. Sijambadilisha mawazo, wala yeye hajanibadilisha.

Uchambuzi

Nianze na hoja ya mwalimu wangu, kwa sababu ndiyo nzito. Anasema kitabu kinafafanua kuponyokwa kuwa ni kuugusa mpira usio na mwenyewe katika jaribio lisilofanikiwa la kuumiliki. Mguso wa kwanza wa kijana haukufanikiwa. Basi ameponyokwa. Hapo yuko sahihi, na ningekuwa mwongo kusema neno halibebi maana hiyo. Ninapotofautiana naye ni kwamba kanuni haiishii kwenye kuponyokwa. Inadai mambo mawili: kuponyokwa, kisha kuupata tena kutoka chini. Ukichukua neno la kwanza ukaliacha la pili, umeandika kanuni yako mwenyewe.

Lakini maneno peke yake hayanitoshi, na naamini hayapaswi kumtosha mwamuzi yeyote pale kitabu kinapokaa kimya. Nimejiuliza kila aya iliwekwa kwa ajili gani. Msamaha uliwekwa ili mkwaju uwezekane. Hilo ni jepesi. Mpaka wa msamaha je? Fikiria mpira umelala nyasini, mshikaji anauhangaikia, walinzi wanamjia mbio. Hawajui tena kama ni mkwaju wa kuzuia au ni mkimbiaji wa kuangusha. Kijana akijitupa juu ya mpira na goti chini, halafu tuseme bado yuko hai na bado ni mshikaji anayelindwa, tumewapa wale wanaokuja kitendawili cha nusu sekunde, na atakayeumia ni mtoto. Mpaka unasema: vurugu ikishaanza, goti likigusa, tumesimama.

Mfano unaojulikana wa vurugu ya namna hiyo ni ule wa Tony Romo wa Dallas Cowboys, timu ya NFL, tarehe 6 Januari 2007 huko Seattle. Dallas walikuwa nyuma 21 kwa 20, mkwaju wa yadi 19 tu, Romo ndiye mshikaji. Mrusho ulikuwa mzuri, mpira ukamteleza alipokuwa anauweka. Akauokota, akakimbia, Jordan Babineaux akamwangusha kabla hajafika, na msimu wa Dallas ukaishia katika mchezo ule. Mpigaji hakuwa na la kufanya tena. Mkwaju ulikuwa umeshageuka mbio.

Katika kisa chetu hakikugeuka kitu. Mpigaji alikuwa bado anakuja. Walinzi walikuwa bado wananyoosha mikono kuzuia mkwaju, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameelekea miguu ya mshikaji. Kwa macho ya kila aliyekuwa karibu, ule ulikuwa bado mkwaju. Kwa hiyo maana ya maneno na kusudi la kanuni vilinielekeza njia moja, na ndiyo sababu nilipata ujasiri wa kusema filimbi yetu wenyewe ilikosea, mbele ya uwanja mzima. Vingepingana, nakiri ningepata shida kubwa zaidi.

Sasa swali la baba yule. Goti lilikuwa chini mara mbili. Kwa nini mara moja ni halali na mara nyingine watu wanagombana? Kwa sababu goti la kwanza lina ruhusa iliyotolewa kabla mpira haujarushwa: kila mtu anaona mshikaji amekaa, mpigaji yuko tayari, wanajua kinachokuja. Goti la pili linaomba ruhusa upya, katikati ya mwendo, na kanuni inaitoa kwa masharti. Haligombewi kwa ubaya wake. Linagombewa kwa kile kilichotokea mikononi kabla halijashuka. Mwamuzi anayetazama goti peke yake anatazama mahali pasipo sahihi. Alichopaswa kutazama ni mikono.

Na hapo ndipo tulipokosea kama kundi, kabla hata mpira haujarushwa. Mwenzangu wa mstari alikuwa nyuma ya mgongo wa kijana. Hakuwa na namna ya kuona mikono. Aliona goti, kwa sababu goti ndilo lililokuwa mbele ya macho yake, na miaka yake yote ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba goti chini na mpira mkononi ni filimbi. Kosa hilo si la uzembe. Ni mazoea mazuri yaliyokutana na mahali pa pekee pasipoyataka. Mimi nilikuwa nimesema goti la mshikaji ni langu. Sikusema kwamba *filimbi* ya goti hilo ni yangu peke yangu. Hayo ni maneno mawili tofauti, na aliyepaswa kuijua tofauti hiyo ni mwenye kofia nyeupe.

Filimbi ina nguvu ya ajabu katika mchezo huu, na wazazi wa soka hawaizoei. Kwenye soka refa anaweza kuacha kipyenga akatoa nafasi iendelee. Huku ikishalia, hata kimakosa, hairudishwi. Tarehe 14 Septemba 2008, Ed Hochuli, mmoja wa waamuzi wakuu walioheshimika sana NFL, aliamua kwamba mpira uliomponyoka Jay Cutler wa Denver ni pasi iliyokosa, akapuliza. Ulikuwa mpira ulioanguka na San Diego waliuchukua. Aliona kosa lake, lakini kwa kanuni za wakati ule hakuweza kuwapa mpira kwa sababu filimbi ilikuwa imeshalia. Denver walibaki na mpira, wakapata tachidauni na alama mbili za nyongeza, wakashinda 39 kwa 38. Hochuli alikiri wazi kwamba alikosea, na mwaka uliofuata ligi ilibadilisha kanuni hiyo ili timu iliyouchukua mpira wa namna ile iweze kupewa. Nimelikumbuka tukio hilo mara nyingi. Lililonisaidia usiku wetu ni kukiri mapema. Niliwaambia makocha "tulipuliza kimakosa" katika sentensi ya kwanza, na kelele zikapungua nusu.

Kilichosaidia zaidi kwenye kikao chetu cha uwanjani ni mpangilio wa maswali: kwanza kila mtu aseme alichoona, ndipo kitabu kifunguliwe. Tungeanza na kanuni, mwenzangu angejikuta anatetea filimbi yake, na macho yake yangeanza kukumbuka mpira uliogusa nyasi. Binadamu ndivyo tulivyo. Alipoulizwa kama aliona mpira ukigusa chini akasema hapana, alikuwa ametoa ushahidi dhidi ya uamuzi wake mwenyewe, na alifanya hivyo kwa uungwana.

Kulikuwa pia na kishawishi cha huruma. Mmoja wetu alisema kwa sauti ya chini, "Mkwaju uliingia, tuwape tu." Naelewa. Filimbi yetu ndiyo iliyowanyang'anya. Lakini ngome ya wageni ilikuwa na wachezaji waliosikia filimbi wakaacha kuruka. Niliona wawili wakishusha mikono kabla ya mguu kufika. Kuihesabu alama ile kungewaadhibu vijana waliotii filimbi, na tunawafundisha tangu wadogo waitii.

Ishara za mikono kwenye nguzo zilituharibia sana. Wenzetu wale walitekeleza wajibu wao kama ulivyoandikwa. Waliona mpira umepita, wakainua. Ila sasa tunamtaka kila aliye kwenye nguzo atupe jicho kwangu kabla ya kuinua mikono kama mrusho haukuwa safi. Inachukua muda mfupi sana, na jukwaa halipati alama ambayo baadaye tutainyang'anya.

Neno "papo hapo" halikutusumbua usiku ule kwa sababu kijana alishuka bila kusita. Litatusumbua siku nyingine. Mshikaji akiudaka mrusho wa juu, akatazama kulia na kushoto kumtafuta wa kumpa pasi, hakumwona, ndipo akapiga goti, je, amerudi papo hapo? Mimi nitasema hapana: alipogeuza macho kutafuta pasi aliacha kuwa mshikaji. Kitabu hakitoi idadi ya sekunde, na sitaki ianze kutoa, kwa sababu hakuna mwamuzi anayeweza kuhesabu sekunde na kutazama mikono kwa wakati mmoja.

Tulichobadilisha

Kikao chetu cha kabla ya mchezo sasa kina maneno haya, na anayeyasema ni yule mwenzangu wa mstari, kwa kutaka kwake: "Mkwaju ukianza, filimbi yangu haiko mdomoni. Goti la mshikaji halina filimbi isipokuwa ya kofia nyeupe. Nikiona mpira umegusa nyasi, nitakuonyesha kwa mkono." Mimi naongeza nitasimama wapi ili nione viganja, na ni nani atakayeniambia kama mpira ulifika chini iwapo mtu atanikinga.

Baba yule nilionana naye tena mwezi uliofuata, sokoni, kwenye duka la vyakula vya kwetu. Nilimweleza yote haya tukiwa tumesimama kando ya magunia ya unga, nikionyesha kwa mikono mpira ulivyoruka. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama mwanawe angeweza kusomewa jambo hilo kwa Kiingereza, kwa sababu kijana alikuwa bado anaamini kwamba alisita ile nusu hatua na filimbi ikalia kwa ajili yake. Nilimwambia amwambie kwamba kama mpigaji angesimama kabisa, nisingekuwa na hoja yoyote ya kusema ule ulikuwa bado mkwaju.

"Basi utamwambia wewe," akasema, akatoa simu, akampigia.